Bastola Yenye Komeo

Muuza silaha alitandika kitambaa cha kijani juu ya kaunta, akakinyoosha kwa viganja vyake vyote viwili, kisha akaweka bastola mbili juu yake, midomo yake ikitazama ukutani. Maishani mwangu nimeoneshwa vitenge, vitanda na hata viwanja, lakini sijawahi kuoneshwa bidhaa kwa adabu namna ile. Mume wangu alivuta pumzi. Mimi nilikumbatia mkoba wangu na kutafuta pa kuweka macho.

Hatukuwa watu wa bastola. Mume wangu ni wakala mkuu wa pesa za simu pale Lindi mjini, na kazi yake ni kuwapelekea mawakala wadogo wa vijijini fedha taslimu, Pande, Miteja na kote njiani, kwa kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo chenye redio isiyonyamaza. Siku moja, mchana kweupe, karibu na Pande, alikuta gogo limelala barabarani. Akashuka kuliondoa. Vichakani wakatoka vijana wenye mapanga na gobore, wakachukua kila kitu. Fedha ziliuma, lakini fedha tungezimeza. Kabla hawajaondoka, mmoja wao, kijana ambaye tungeweza kumzaa, alimzaba mume wangu kofi la kumtoa damu puani na kumwambia amwamkie. Mume wangu, mtu mwenye mvi, akasema shikamoo. Kijana akaitikia marahaba, wenzake wakacheka, wakaingia porini.

Alinisimulia hayo mara moja tu, akiwa amenipa mgongo, na sijawahi kumtaka arudie.

Ili uelewe kilichopotea pale barabarani, lazima nikueleze alivyokuwa kabla. Mume wangu alikuwa mtani. Ukoo wake na ukoo mwingine wa Miteja wanataniana tangu enzi za mababu: mnatukanana bila kununa, mnanyang'anyana vitu bila kupelekana polisi, na kwenye msiba wa upande mmoja, upande wa pili ndio unaopika, unaochimba kaburi na unaoleta vurugu. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa, na aliyeshindwa hujikomboa kwa kutoa kitu. Mume wangu hakuwa na mpinzani. Kwenye msiba mmoja wa watani aliwahi kulala ndani ya mwanandani, pale pale kaburini anapolazwa maiti, akakoroma, mpaka wafiwa wakamtoa kwa kumpa jogoo. Jogoo yule tulimla wiki ile ile, na alikuwa mgumu.

Baada ya Pande, mtu huyo aliondoka. Alianza kukaa akielekea mlango. Ukimgusa bega kwa nyuma, aliruka. Redio ya gari aliizima ili asikilize barabara. Nikimtania, alinitazama kama mtu anayesubiri kujua amekosa nini. Ndipo akaanza kuomba kibali: serikali ya mtaa, kata, polisi, kamati, mafunzo, maswali, picha. Alifuatilia kwa subira ambayo hakuwahi kuwa nayo hata aliponichumbia. Kibali kilipotoka, tukapanda basi kwenda Dar es Salaam, mimi nikifikia kwa dada yangu, yeye akifikia kwenye ile kaunta.

"Hii nyeusi ni ya Austria," muuzaji alisema. "Nyepesi, haishiki kutu, hata kwa upepo wa bahari wa huko kwenu. Haina sefti ya pembeni. Unaichomoa, unavuta, imemaliza kazi."

"Na hii?" mume wangu aliuliza, ingawa macho yalikuwa bado kwenye ile nyeusi.

"Ya Italia. Chuma kitupu. Ina uzito wake, lakini uzito ndio unaotuliza mkono. Na ina sefti hapa, mama, unaona? Ukiishusha hivi, hata uvute mpaka kesho haifyatui. Ukitaka kupiga, unaipandisha kwa kidole gumba."

Aliposema "mama" alinitazama mimi. Wauzaji wanajua nani hulala na maamuzi. Nikakitazama kile kidude cha pembeni, na papo hapo nikakipa jina la komeo, maana kazi yake ilikuwa ile ile ya komeo la choo: kumzuia mtu asiyejua kuna nini ndani.

"Na hiyo nyeusi," nikauliza, "ikichomolewa na mtu mwingine, akavuta?"

"Imemaliza kazi, mama," alisema, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu.

"Nani mwingine ataichomoa kiunoni mwangu?" mume wangu akadakia. "Mimi mtoto?"

Muuzaji alituwahi kabla hatujaaibishana. Alisema hapo hatuwezi kukosea, zote mbili ni bastola za watu wanaojua wanachokitaka. Sisi hatukujua. Mume wangu alitaka shikamoo yake irudi kinywani mwake, na mimi nilimtaka mume wangu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa juu ya kile kitambaa.

Kesho yake tulipelekwa kwenye uwanja wa shabaha akazijaribu. Ile ya chuma aliipiga vibaya. Kila mara alisahau kupandisha komeo, anavuta, haitoki kitu, mkufunzi anamkumbusha, naye anazidi kukunja uso. Ile nyeusi ilimkubali tangu risasi ya kwanza. Karatasi ilitoboka katikati, ikatoboka tena. Uso wake ukafunguka. Nakiri nilitaka kulia kwa furaha, kwa sababu ule uso nilikuwa sijauona tangu Pande. Akageuka kuniambia, "Umeona? Umeona, mama watoto?" na bastola ikageuka pamoja naye, mdomo wake ukapita mbele ya tumbo langu, kidole chake kikiwa bado pale pale. Mkufunzi alimdaka mkono na kuuelekeza chini. Mume wangu hakutambua alichofanya. Alikuwa bado anacheka.

Tulikwenda kunywa chai kwa mama lishe ng'ambo ya barabara. Chapati yangu ilipoa.

"Nachukua nyeusi," alisema.

"Chukua yenye komeo."

"Jambazi akinijia nimwambie subiri kwanza nifungue mlango?"

"Ndiyo. Mgeni gani asiyesubiri mlango?"

Zamani angecheka, kisha angenijibu kitu kibaya zaidi. Safari hii alisukuma kikombe. Basi na mimi nikaacha utani. Nilimwambia akinunua ile nyeusi arudi nayo Lindi peke yake, mimi nabaki kwa dada yangu, na wanangu watakuja kunisalimia huko. Nilimaanisha. Alitazama magari yakipita kwa muda mrefu, kisha akasema, "Haya. Kaoneshe unayoitaka." Hakusema neno tena. Wahenga walituambia kimya ni ridhaa, na mimi niliwaamini. Nikarudi dukani na kuonesha kwa kidole ile ya Italia, na jioni nikamsimulia dada yangu jinsi nilivyoshinda.

Bastola ikahamia Lindi. Shati la mume wangu, ambalo miaka yote nilikuwa namsihi achomekee, sasa lilikuwa na sababu ya kuning'inia nje. Watu hawaioni bastola, lakini wanaijua. Barazani walimpisha nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. Msikitini, aliniambia mke wa jirani, hakuna aliyependa kusali nyuma yake. Mkono wake wa kulia ukazoea kupita kiunoni kila anapoingia mahali au anapoitwa na mtu asiyemtambua. Yote hayo niliyaona, yakaniuma. Usiku nililala, hata hivyo. Nililala kwa sababu ya komeo.

Kisha mama yake akafariki, kule Miteja. Alikuwa mtu mzima sana na alikufa kitandani kwake, kifo cha heri, alhamdulillah. Wakati tunafunga mizigo nilimwomba aiache ile kitu.

"Niiache wapi?" alisema. "Nyumba tupu. Si ndiyo kuwapa majambazi?"

Kituo cha polisi kilikuwa njiani na kingeipokea, na nilimwambia hivyo. Alikwisha kuwasha gari.

Watani walifika Miteja kabla yetu. Kiongozi wao ni mama mmoja mnene, mkulima wa ufuta, sauti yake inafika shamba la pili bila kuisukuma. Tulipoingia uani alikuwa amevaa gauni la marehemu na miwani yake, ameshika fimbo yake, akitembea vile vile alivyotembea mama mkwe wangu, mguu mmoja ukisita, huku akilalamika, "Chai gani hii? Sukari mmeila nyinyi?" Waliokuwa wakilia walicheka, na waliocheka walilia upya. Nami nililia, kwa sababu ilikuwa sauti yake hasa. Mama mkwe wangu alinilalamikia ile sukari tangu niolewe.

Wakati wa kwenda makaburini ulipofika, watani walikaa chini mlangoni, miguu wameinyoosha, jeneza likiwa nyuma yao.

"Hatoki mtu!" yule mama alitangaza. "Huyu bibi ana deni letu la matusi. Mwanawe yuko wapi? Yule mtumwa wangu aje alipe."

Mume wangu akaja kutoka kwenye turubai la wanaume. Niliona jinsi alivyokuja, mgongo umekakamaa, macho yakihesabu watu. Nikajiambia labda hapa, kwa hawa, atafunguka. Mtani alinyanyuka akamkumbatia, na kwa kitambo kidogo utani uliisha: alimlilia kweli, kilio cha mtu aliyekula nyumba moja na marehemu. "Pole, mwanangu. Pole, mtumwa wangu." Mikono yake mizito ilimzunguka kiunoni.

Halafu kilio kikakatika.

"Kha! Jamani! Huyu kaja msibani na muhogo!"

Ilikuwa imeshachomoka. Aliiinua juu watu waione. Uani kicheko kikalipuka, maana kwa watani hicho kilikuwa kitu cha kunyakua tu, sawa na kofia, kiatu au sufuria ya ubwabwa. Nani pale Miteja alikuwa amewahi kumnyang'anya mfiwa kitu cha namna ile? Tayari lilikuwa jambo la kusimuliwa miaka mingi.

Na mimi nilicheka. Nataka hilo lijulikane. Nilicheka kwa sauti, kwa sababu mimi ndiye niliyechagua. Nilikuwa nalijua komeo. Nikasema moyoni, avute anavyotaka, haitoki kitu, na mume wangu atakoma kubeba chuma mbele ya mama yake.

Kisha nikamtazama mume wangu. Midomo yake ilikuwa imepoteza rangi. Hakuwa akimtazama mtani, alikuwa akitazama ubavu wa ile bastola, pale pa komeo. Halafu akanitazama mimi. Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa msichana, najua anavyonitazama akiwa na njaa, akiwa na aibu, akiwa amevunja kitu changu. Sikuhitaji kuambiwa. Komeo lilikuwa wazi na risasi ilikuwa mahali pake.

"Weka chini!" alipiga kelele. "Weka chini, we mwanamke!"

Hilo lilikuwa kosa. Mtani hapigiwi kelele. Ukimpigia kelele umemwongezea kuni. Yule mama aliruka nyuma kwa furaha, miwani ya marehemu ikamteleza puani.

"Kakasirika! Mashahidi, kakasirika! Sasa analipa mara mbili!" Akajielekezea kile chuma kifuani mwenyewe, kidole chake kinene kimejaa kwenye tundu la kifyatulio. "Nikijiua hapa utanizika na mama yako kwa sanda moja, bahili wewe!"

Watu walicheka. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani nyuma yake, bega kwa bega, wengine wamepakata watoto. Mume wangu alipiga hatua, na yeye akarudi nyuma hatua, akicheka, akiyumba, kidole hakijatoka. Nilitaka kusema kuwa ina risasi. Neno lilifika kooni nikalirudisha, kwa sababu mtu akishtuka hukunja mkono, na ule mkono nilikuwa nautazama.

Nikakaa chini. Sijui nani alinifundisha, labda yule yule mume wangu wa zamani, kwamba mbele ya mtani hakuna njia nyingine ila kushindwa. Niliuvuta ungo wa marehemu uliokuwa ukutani, nikauweka mbele yangu, nikaanza kuvua bangili zangu. Ni mbili, za dhahabu, alinivisha mama yangu siku ya harusi, na zilinibana tangu siku ile. Nilizivua kwa mate na kwa maumivu.

"Mtani," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine, "tumeshindwa. Mateka wako namkomboa mimi. Hizi hapa."

Vicheko vikageuka miguno. Dhahabu kwa utani! Yule mama aliziangalia, akaniangalia, akaangalia tena bangili.

"Za kweli?"

"Vaa uone."

Nilijua kitu kimoja, nacho kilikuwa kila kitu nilichokuwa nacho: bangili zile hazivaliki kwa mkono mmoja. Mtani aliinama juu ya ungo, akaweka bastola kwenye makapi ya mpunga yaliyobaki, taratibu tu, alivyozoea kuweka yai, akachukua bangili na kuanza kuhangaika na kiganja chake. Nilitupa upande wa khanga yangu juu ya ungo, nikaugeuza polepole mpaka ule mdomo ukatazama ukuta. Mume wangu alipiga magoti kando yangu, akaingiza mkono chini ya khanga. Nilisikia mlio mdogo, tk, wa komeo kushuka. Hakuna mwingine aliyeusikia. Yule mama alikuwa amefaulu kuvaa, ameinua mkono, anazichezesha bangili zangu juani na kuimba kuwa amemteka mwenye bunduki. Jeneza likainuliwa, wanaume wakaondoka nalo.

Walipokwisha kupotea njiani niliangua kilio juu ya ule ungo. Wanawake walinishika wakidhani namlilia mama mkwe.

Kwenye gari, tukirudi Lindi, nilimuuliza tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza," alisema.

"Basi dukani tulichagua nini?"

Alikata kona kwanza. "Ulichagua wewe. Mimi nilinyamaza."

Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilihesabu nguzo za umeme ili nisifungue mlango. Hasira yangu ilikuwa juu yake, na juu ya muuza silaha na kitambaa chake, na juu ya yule kijana wa Pande ambaye sitamjua kamwe. Na chini ya hasira kulikuwa na yule mama mnene, na tundu lile lililojaa kidole. Siku zilizofuata nilimwona kila nilipofumba macho, akicheka, akiwa amevaa gauni la marehemu. Mume wangu aliendelea kuivaa. Kila asubuhi kabla hajatoka nilisimama mlangoni, naye alifunua shati bila kuambiwa nikaona komeo liko chini, kama mtoto anayeonesha kucha. Nililichukia jambo hilo, na yeye pia, na tukaendelea nalo.

Asubuhi ya safari ya arobaini ya mama yake, alisimamisha gari mbele ya kituo cha polisi bila kunieleza. Alikaa ndani muda mrefu. Alitoka na karatasi mkononi na shati limechomekewa. Alitembea kwa namna ya ajabu, ameinamia upande wa kulia, kwa mazoea ya uzito ambao haukuwepo. Mpaka Miteja mkono wake ulitoka kwenye usukani ukaenda kiunoni na kurudi, mara nyingi sana.

Mtani alitupokea uani. Alikuwa amezivaa bangili zangu, zimeng'arishwa kwa majivu.

"Mtumwa wangu! Leo umeniletea mzinga?" Na kabla hajajibiwa alishamrukia kiunoni kwa mikono yote miwili, akapapasa kulia, akapapasa kushoto, akapapasa nyuma, na mume wangu akasimama mikono juu amefumba macho. Hakupata kitu. Akampiga kofi pale palipokuwa na bastola, kofi la mzaha, la sauti. "Kaiacha! Kaniogopa! Mmeona? Mwanaume kaniogopa!"

Mume wangu akaanza kulia. Alilia wima, mikono bado juu, midomo imeachama, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi wala siku aliyorudi kutoka Pande na shati lenye damu. Watu wakanyamaza. Wazee wakasema mwacheni, mama hana mbadala. Mimi nilibaki nimesimama na sahani yangu, sikumsahihisha mtu.

Yule mama peke yake hakunyamaza. Kunyamaza si kazi yake. "Anaulilia muhogo wake huyo!" alisema, huku akimshusha mikono mmoja mmoja, akimvutia kifuani na kumfuta uso kwa khanga, bangili zangu zikigongana karibu na sikio lake. Ndani ya ile khanga nikamsikia mume wangu, sauti imejaa makamasi, akimwambia kuwa ananuka ufuta uliooza.

"Nani kasema hivyo?" mtani alipiga kelele. "Mashahidi! Nani kamsikia?"

Nilikuwa nimemsikia.